Shanga puani

*Mama Pili:* Jamani mko wapi! Huyu mtoto kajitia shanga puani. Naiona kwa mbali, nikigusa inarudi ndani

*Shangazi:* Uwiii. Tundu gani?

*Mama Pili:* La kulia. Kibano sikipati, nataka nijaribu na pini ya nywele

*Dada Nesi:* USIGUSE. Weka pini chini

*Dada Nesi:* Shanga ni duara, inateleza. Ukiichokonoa unaisukuma nyuma, mwisho iangukie kooni iende kwenye njia ya hewa. Anapumua vizuri? Analia?

*Mama Pili:* Anapumua, tena anacheka. Anayelia ni mimi

*Bibi:* Mnusishe pilipili apige chafya. Nyote mlitolewa hivyo

*Mjomba:* Mama, mimi ulininusisha pilipili nikalia mchana kutwa, na haragwe likaja kutolewa na daktari 😂

*Bibi:* Wewe pua yako ilikuwa ngumu tangu zamani

*Dada Nesi:* Shikamoo Bibi. Pilipili tuiache. Kabla ya chafya mtu huvuta pumzi kwanza, na hapo ndipo kitu kinapozama

*Bibi:* Marahaba. Haya, nimenyamaza

*Dada Nesi:* Mama Pili, una uhakika ni shanga? Ile betri ndogo ya duara, ya saa au ya rimoti, nayo inang'aa

*Mama Pili:* Usinitishe!

*Dada Nesi:* Nakutisha makusudi. Ingekuwa betri tusingekuwa tunaandikiana hapa, ungekuwa njiani kwenda hospitali. Ikikutana na unyevu wa pua inaunguza nyama, hata ile iliyokwisha nguvu. Saa 2 zinatosha kuleta madhara, zikizidi ukuta wa katikati ya pua unaweza kutoboka

*Mama Pili:* Ni ya bluu, nimemulika na tochi ya simu. Mkufu wa dada yake umekatika, shanga zimetapakaa chumba kizima

*Mjomba:* Akisukutuliwa na maji je?

*Dada Nesi:* Hapana. Angevuta maji na shanga pamoja. Na lingekuwa haragwe kama lako, maji yangelivimbisha likakwama zaidi

*Dada Nesi:* Mzibe tundu la kushoto, afumbe mdomo, apenge

*Mama Pili:* Hajui kupenga. Ukimwambia penga anavuta

*Dada Nesi:* Basi acha hilo haraka! Mwambie apumue kwa mdomo. Sasa fanya hivi: mpakate, mwambie unampa busu kubwa. Funika mdomo wake wote kwa mdomo wako, ziba tundu la kushoto kwa kidole. Puliza polepole mpaka uhisi hewa imegoma, kisha puliza mara moja kwa ghafla, pumzi fupi. Hewa itatokea tundu la kulia na kuisukuma shanga

*Shangazi:* Mh! Hii nayo inafanya kazi?

*Dada Nesi:* Kwa watoto kama 6 katika kila 10. Ikigoma mara mbili tatu, nenda hospitali, usiendelee kupambana naye

*Mjomba:* Kimya hiki…

*Bibi:* Mama Pili?

*Mama Pili:* IMETOKA 😭😭 Imenipiga shavuni na kamasi lake lote

*Bibi:* Alhamdulillahi

*Dada Nesi:* Hongera! Mulika tundu la pili na masikio yote mawili. Mtoto aliyetia moja huenda katia mbili. Damu kidogo isikushtue: ainame mbele, mbane pua sehemu laini, asiegemee nyuma

*Mama Pili:* Kushoto safi, masikio safi. Anaomba busu jingine

*Mjomba:* 😂😂😂 Fagia kwanza!

*Shangazi:* Dada Nesi, samahani. Wangu hapa wiki ya pili kamasi linamtoka tundu moja tu. Linanuka vibaya mno. Nilidhani mafua

*Dada Nesi:* Mafua hayachagui tundu, Shangazi. Kuna kitu humo. Usimpulize, kimekaa muda mrefu. Mpeleke leo kwa daktari wa masikio, pua na koo

*Shangazi:* Atakuwa katia nini sasa?

*Shangazi:* Nimekwenda kuangalia mto wa kochi. Sifongo imenyofolewa pembeni