Mbwa amekula dawa ya panya, nimupe maji ya chumvi atapike?

Mama Kito, Katuba
Bandugu munisaidie haraka. Mbwa yetu amekula dawa ya panya, ile ya bulu yenye kufanana na ngano, nimekuta kifuko kimepasuliwa chini ya kitanda na midomo yake yote iko bulu. Saa moja haijapita. Anatembea vizuri, anatikisa mukia. Jirani anasema nimumwangie maji ya chumvi mingi mu kinywa mpaka atapike, mwingine anasema maziwa ao mafuta ya mawese. Nifuate ya nani?

yaya_ruashi
Mama, chumvi hapana kabisa! Asipotapika ile chumvi yote inaingia mu damu, inavuta maji ya ubongo, anaanza kutetemeka, anashikwa na kifafa na anaweza kufa na chumvi wakati dawa ya panya yenyewe haijaanza kazi. Vidole mu koo pia usijaribu, atakuuma na utamuumiza. Mafuta ukimulazimisha kunywa yanaweza kupita njia ya pumzi yakaingia mu mapafu, na maziwa haiui sumu hata batu waseme nini. Na mutu akikuambia habari ya maji ya oksijene ya farmasi, usikubali bila daktari, hata ile ya 3% inaweza kuchoma tumbo ikaacha vidonda.

Mupeleke sasa hivi kwa daktari wa nyama. Akiona inafaa atamupiga sindano ya apomofini atapike, kisha atamupa makala ya dawa yenye kushika sumu mu tumbo. Kutapisha kunasaidia sana mu masaa mbili ya kwanza, kwa hiyo usikae unasoma majibu yetu. Ukikosa daktari karibu, UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, iko na kitivo cha veterinere, piga simu kwanza.

Katangais_mfugaji
Niongeze kwa wengine wenye kusoma, juu kila sumu iko na tabia yake. Mbwa akilamba asidi ya batri ao javele, usimutapishe, imechoma koo ikishuka na itachoma tena ikirudi. Petroli na mazutu vilevile, ni nyepesi, zinateleza mu mapafu. Mwenye kulegea, mwenye kutetemeka, mwenye kutapika tayari, hapana. Wale wa pua fupi wanapaliwa haraka. Na ile dawa ya unga mweusi yenye kunuka kama kitunguu saumu inatoa gazi mu tumbo, mbwa akitapika mu gari funga-funga hata wewe unaivuta, fungua madirisha yote.

Mama Kito
Aksanti sana. Tuko tunatoka. Kifuko kimeandikwa bromadiolone.

yaya_ruashi
Beba kifuko chenyewe na useme uzito wa mbwa. Hiyo inazuia damu kuganda, ndiyo maana anaonekana muzima: dalili zinakuja kisha siku mbili, tatu, hata tano. Ufizi unakuwa mweupe, anahema, anakohoa, damu mu pua ao mu mavi. Dawa yake ni vitamini K1, banaitoa kwa wiki nyingi, mara nyingi tatu ao ine, na ukiacha mapema juu umemuona anacheza damu inaweza kuanza tena. Uliza wapime damu yake masaa 48 mpaka 72 kisha kidonge cha mwisho. Na sasa mubebe mikononi, asikimbie wala kupigana na mbwa wengine.