Boti ya Paraa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa: mama anataka kumfunga mgongoni

Binti wa Koboko

Salaam kwenu wote. Naomba ushauri wa waliowahi kupanda boti ya maporomoko ya Murchison, ile inayotoka Paraa kwenye Mto Nile, wakiwa na mtoto mdogo kabisa.

Tunaishi Arua. Mwezi ujao mama yangu anakuja kutoka Koboko kukaa nasi wiki mbili, na mume wangu amepata siku tatu za likizo. Mama ana miaka 66. Daraja la Pakwach amelivuka mara nyingi akienda Kampala, lakini maporomoko yenyewe hajayaona hata siku moja. Tumeamua safari hii ayaone. Tutatoka Arua alfajiri, tupite Nebbi na Pakwach, tuingie hifadhini kwa geti la Tangi, tulale karibu na Paraa. Siku ya pili boti. Siku ya tatu twende kwa gari mpaka juu ya maporomoko, kisha turudi nyumbani.

Mwanangu ni wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi tisa, na kukaa mahali pamoja hajui. Akiona ngazi anapanda, akiona maji anayafuata. Boti, nasikia, ni kama saa tatu kwenda na kurudi.

Mama amesema nisihangaike, yeye atamfunga mgongoni kwa mbeleko tangu tunapanda mpaka tunashuka. Nilipomwambia sina hakika na jambo hilo, alininyamazia mpaka jioni. Naelewa. Mwaka 1980 vita vilipotufikia, aliingia Sudan kwa miguu, kaka yangu mkubwa akiwa mgongoni, na mbeleko ile anayo hadi leo. Kwake yeye mtoto aliye mgongoni ameshaokoka. Sitaki asikie kutoka kwangu kwamba kitu kilichotuvusha sasa hakifai. Lakini pia ni mto wenye mamba, na mtoto ni wangu.

Je, kumfunga mgongoni ndani ya boti ni sawa? Na tupande boti ya asubuhi au ya mchana?

Mama Pacha, Mbarara

Dada, kama ni mara ya kwanza, kwa nini msije huku kwetu? Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, boti yake kutoka Mweya ni saa mbili tu. Maji yametulia, na wanyama hutafuti: viboko, nyati, ndovu wanaoga pale pale ukingoni. Pacha wangu walikuwa na miaka miwili na nusu tulipokwenda. Saa ya kwanza walikuwa wamesimama wima kwa kushangaa. Saa ya pili mmoja alilia mfululizo kwa sababu alitaka kushuka akamshike nyati. Kwa hiyo saa tatu kwa huyo wako ninaziona ni nyingi.

Binti wa Koboko

Asante mama pacha, ila kutoka Arua mpaka Mweya ni kuivuka nchi nzima. Na mama anataka maporomoko. Ndovu amewaona Pakwach kando ya barabara.

Dereva wa Pakwach

Dada yangu, hiyo njia ya Tangi naiendesha kila wiki, tena mara nyingi nina watoto garini. Nitakueleza ninavyojua.

Boti ikitoka Paraa inapanda mto kinyume cha maji, kama kilomita 17. Kupanda ndiko kunakokula muda, karibu saa mbili, kwa sababu inapigana na mkondo na nahodha anasimama kila penye mnyama. Kurudi inashuka na maji, saa moja hivi. Kwa hiyo saa tatu zenu hazifanani. Hizo mbili za mwanzo mtoto atakuwa na vitu vya kuangalia: viboko makundi kwa makundi (jina lenyewe Paraa kwa Kijaluo cha huku ni nyumbani kwa viboko), mamba wamelala mchangani midomo wazi, furukombe juu ya miti, mdiria wakipiga mbizi. Ya kurudi haina kipya, na hapo ndipo mtoto hulia. Mpangilie usingizi uangukie hapo.

Ndiyo sababu nawashauri wenye watoto wachukue boti ya asubuhi. Ya mchana huwa inaondoka saa nane, na hapo jua linachoma uso na maji yanalirudisha kutoka chini. Mtoto anayelala saa tano au saa sita mchana atalala mwenyewe mkirudi. Kaeni chini, upande wenye kivuli, mbali na vyuma vya pembeni. Boti zingine zina ghorofa na kila mtu anataka kukimbilia juu kupiga picha. Ninyi bakini chini. Na ulizeni kabla ya kulipa kama ina choo.

Boti haifiki chini kabisa ya maporomoko. Inasimama mbali kidogo, penye mwamba, na utaona mapovu meupe yanakuja yakielea kama ya sabuni. Kuna watu wanashukia hapo na kupanda kwa miguu mpaka juu. Ninyi msishuke. Njia ni mwinuko mkali, joto halina upepo, na mama ana miaka 66. Siku ya tatu vukeni daraja jipya la Paraa mwende juu kwa gari, mtaona kile kile na zaidi.

Njia hiyo ya kwenda juu ina mbung'o. Vioo vifungwe, na nguo za buluu na nyeusi ziacheni Arua. Mbung'o wanazifuata rangi hizo.

Kuhusu mbeleko ndani ya boti, mimi ni dereva, wacha wajuzi waseme. Ninachojua ni kwamba kila mtu lazima avae jaketi la kuokoa maisha, na sijui mama atafungaje mtoto juu ya jaketi.

Muuguzi wa Zamu

Dada Binti, mimi ni muuguzi na nina watoto watatu, wote niliwabeba kwa mbeleko. Kwa hiyo usiyasikie haya kama maneno ya mtu anayedharau mbeleko.

Ndani ya boti usikubali. Jaketi linamwelesha mtu mzima kifudifudi au chali kulingana na lilivyotengenezwa, na lililo zuri linamgeuza chali ili pua na mdomo viwe juu. Sasa mtoto aliye mgongoni yuko wapi bibi akielea chali? Yuko chini yake, ndani ya maji, amefungwa fundo ambalo mikono iliyolowa haifungui. Fundo lile lile linalomlinda barabarani ndilo litakalomshikilia chini. Mwambie mama hivyo, kwa heshima, na umwambie wewe mwenyewe, asisikie kwa mkwewe wala kwa mfanyakazi wa boti mbele ya watu.

Mtoto awe na jaketi lake mwenyewe, la uzito wake. Usitegemee la kwenye boti. Mara nyingi yaliyopo ni ya wakubwa, na jaketi la mkubwa kwa mtoto wa kilo 11 linapanda juu likiingia maji na yeye anachomoka chini. La mtoto mdogo lina ukosi mkubwa nyuma wa kuinua kichwa, na mkanda unaopita katikati ya miguu. Lipime nyumbani: mvalishe, funga kila kitu, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda likagusa masikio, ni kubwa. Na umvalishe nyumbani siku tatu nne mfululizo akicheza, maana akiliona mara ya kwanza pale Paraa atalia hadi mumvue, na mkimvua basi mmekwenda bure.

Wengi tunakumbuka Novemba 2018, boti ya starehe iliyozama Ziwa Victoria upande wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Hata mkiwa mmeshalipa, mkiona watu wamezidi viti, subirini nyingine.

Mambo mengine kwa ufupi. Asiteremke kucheza ukingoni hata maji yakiwa ya vifundoni, kwa sababu mbali na mamba kuna kichocho, na konokono wanaokibeba wanapenda pale pale penye majani na maji ya kina kifupi. Beba chandarua chenu. Beba chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Usimpe dawa ya mafua ili alale ndani ya boti, najua watu wanafanya hivyo, usifanye. Na mkirudi, homa ikimpata ndani ya wiki chache zinazofuata, mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo.

Mbeleko ya mama usiiache nyumbani. Kule juu ya maporomoko miamba imelowa kwa manyunyu na inateleza. Pale hutaki mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa anayetembea. Pale unataka bibi mwenye mbeleko.

Binti wa Koboko

Muuguzi, nimesoma hili jibu lako mara tatu. Sijalia hivi kwa siku nyingi. Mungu akulipe. Naenda kuongea naye.

Mjukuu wa Bombo

Naongeza moja tu kwa ajili ya mama. Wazee wengi bado wanapaita Kabalega, jina la mfalme wa Bunyoro ambaye Waingereza walimhamishia Shelisheli mwaka 1899. Jina la Murchison lilitoka kwa Samuel Baker mwaka 1864. Na mkifika juu mwangalie upande wa kaskazini, kuna maporomoko ya pili. Mto uliyafungua wenyewe kwa mafuriko ya mwaka 1962, mwaka wa uhuru wetu, ndiyo maana yanaitwa Uhuru. Mama yenu alikuwa mtoto wakati huo, atapenda kujua.

Binti wa Koboko

Tumerudi juzi usiku. Niliahidi nafsi yangu kwamba nitaandika hapa kabla sijasahau.

Jaketi sikulipata Arua. Nilimwomba shemeji aliyeko Kampala, akalituma kwa basi, la rangi ya machungwa, la kilo 10 mpaka 15, lina ukosi na ule mkanda wa katikati ya miguu. Siku ya kwanza mtoto alilia. Siku ya nne alikuwa analileta mwenyewe mlangoni akidhani tunatoka.

Mama niliongea naye jikoni, tukichambua mboga. Nilimweleza kuhusu kuelea chali na fundo lililolowa. Hakunijibu mara moja. Baadaye alisema kwamba mwaka ule, walipofika penye mto, mjomba wake alimwambia amfungue mtoto amshike mbele kifuani kabla hawajaingia majini. Miaka yote hii sikuwahi kusikia hilo. Akasema, "Mbeleko ni ya nchi kavu, hata sisi tulijua." Kisha akaniuliza jaketi lake yeye litakuwa wapi.

Boti tulichukua ya asubuhi. Kama Dereva alivyosema, saa mbili za kupanda zilipita vizuri. Mtoto alikaa kati yangu na mama, na mume wangu alikaa mbele yetu kama ukuta. Kila mara mmoja wetu mkono wake ulikuwa kwenye mkanda wa jaketi. Tulikuwa na uji kwenye chupa ya chai, viazi vya kuchemsha, na ndizi. Vitu vya kuchezea nilivyobeba havikutoka mfukoni. Alimwangalia mamba mmoja kwa muda mrefu bila kupepesa, mpaka mama akamziba macho. Dakika kumi baada ya boti kugeuka alilala juu ya mapaja ya baba yake na jaketi lake mwilini, akaamka Paraa. Kwenye boti yetu majaketi ya watoto yalikuwepo machache, yote ya wa miaka mitano kwenda juu. Kwa hiyo, wenzangu wenye watoto wadogo, nendeni na lenu.

Kitu kimoja tulikosea. Mbeleko ya mama ni ya buluu iliyokolea. Nililisoma onyo la mbung'o, nikapanga nguo zetu zote upya, na hiyo sikuifikiria kuwa ni nguo. Tuliposhuka garini kule juu walimfuata yeye peke yake. Tulirudi garini, nikamfungia mtoto kwa kitenge changu cha manjano, na ya kwake akaikunja akaiweka kwenye mkoba.

Pale juu siwezi kupaeleza vizuri. Nile yote ile inapita penye upana wa kama mita 7 na kuanguka zaidi ya mita 40, na ardhi unaisikia kwenye nyayo. Mama alisimama nyuma ya vyuma, mtoto mgongoni, nguo zote zimelowa manyunyu. Nilimwonyesha upande wa Uhuru. Alisema mwaka 1962 alikuwa na miaka minne na anachokumbuka ni mvua tu, mvua iliyobomoa jiko la bibi yake. Hakutaka kuondoka. Tulikaa zaidi ya saa moja, na mtoto hakulia hata mara moja huko mgongoni.

Tukirudi tulisimama Pakwach, mama akanunua samaki wa angara wakavu wa kupeleka Koboko.

Mtoto hana homa mpaka leo, namwangalia kila asubuhi.

Jaketi litamfaa miezi michache tu. Limeshapata ukungu kidogo kwenye mkanda, nimelisafisha na kulianika kivulini. Kama kuna mtu wa Arua au Nebbi anayekwenda na mtoto wa kilo hizo mwezi wa kumi na mbili, aniandikie hapa, nitampa alitumie halafu amkabidhi mwingine.

Mama Pacha, Mbarara

Dada yangu anahamia Nebbi, ana binti wa miezi kumi na minane. Nitakuandikia.