Sansiveria ya ukingo wa njano: ukate jani au ugawe shina?

Mpanda_Vyungu: Wakuu, nina ile sansiveria (ua la chungu lenye majani marefu yaliyosimama) ya aina ya Laurentii, yenye ukingo wa njano. Februari nilikata jani moja vipande vinne nikavichomeka kwenye mchanga. Vitoto vimetoka, ila vyote kijani tupu! Na kipande chenyewe hadi leo kina njano yake pembeni. Au ni udongo?

kibarazani: Samadi imezidi. Punguza.

MamaShubiri: Samadi haihusiki, ndugu yangu. Mmea huo ni kimera (si kile cha togwa): seli za aina mbili ndani ya mwili mmoja. Kwenye ncha inayokua, seli zimepangwa kwa matabaka. Tabaka moja lilipata hitilafu ya jeni likashindwa kutengeneza umbijani (ile rangi ya kijani ambayo mmea hujitengenezea chakula kwayo) wa kutosha, na ukingo wa jani unatokana na hilo. Ukikata jani, kitoto kinaanzia kwenye seli za ndani, zilizo nzima, njano inabaki nje. Ukigawa shina la chini ya udongo, unaondoka na chipukizi lenye matabaka yote. Mimi nagawa tu, hata nikipata mche mmoja badala ya sita.

Mpanda_Vyungu: Mbona ile michirizi ya kukatisha jani, kijani kilichokoza na kilichopauka, vitoto wamekuja nayo?

MamaShubiri: Hapo umeona vizuri. Michirizi ni ya ukoo, imo kwenye jeni za kila seli, sawa na madoa ya shubiri aina ya Aloe variegata: hata ukipanda mbegu yanarudi. Jani moja, mapambo mawili, kila moja na asili yake.

jangwani254: Chipukizi likitoka njano tupu, msilitenganishe na mama. Halina umbijani, litakufa njaa. Ndiyo maana vile vikakati (dungusi wadogo wa miiba) vyekundu vya Gymnocalycium huuzwa vikiwa vimepandikizwa juu ya kakati ya kijani. Changu kilioza shina la chini, kichwa nacho hakikukaa.

kibarazani: Haya, samadi nimeifuta. Ila kwangu limeota la kijani katikati ya ya njano, na sijakata jani lolote.

MamaShubiri: Tabaka lenye hitilafu limezidiwa na lile zima. Ling'oe mapema, linakua haraka kuliko wenzake, litajaza chungu.

Mpanda_Vyungu: Basi vyangu vya kijani natoa bure. Anayetaka aje na kopo.