Farasi wangu Usa River: nimlipie matunzo kamili au nusu?

TembeaNjiro
Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wanaofuga farasi au waliowahi kuweka farasi kwenye banda la watu maeneo ya huku kwetu Arusha. Nina farasi dume aliyehasiwa, ana miaka tisa, nimemchukua kwa bosi wangu wa zamani aliyerudi kwao, bei ya kuachiana tu. Alipo sasa inabidi atoke mwisho wa mwezi. Kuna mahali Usa River wamekubali kumpokea na wamenipa njia mbili. Kamili: wao wanalisha asubuhi na jioni, wanasafisha banda, wanamtoa malishoni na kumrudisha, wanampiga brashi, nisipokuwepo wanamfanyisha mazoezi, mimi nakuja napanda naondoka. Nusu: banda na malisho ya kwao, saisi (mtunza farasi wao) anamlisha asubuhi na kumtoa, ila kuanzia jioni ni juu yangu, kusafisha banda ni juu yangu, mazoezi juu yangu, na chakula nanunua mwenyewe. Bei nayo ni nusu kweli.

Shida yangu ni kazi. Ni dereva wa watalii, hai sizoni (msimu wa watalii wengi) nikiingia Serengeti nakaa karibu wiki, nikirudi nalala nyumbani usiku mmoja nageuza tena. Aprili na Mei nipo tu mtaani sina cha kufanya. Waifu anasema kumlipia kamili ni sawa na kumsomesha farasi intanashino. Mnaonaje?

MamaKwato
Karibu kaka. Mimi sikuulizi una hela kiasi gani, nakuuliza saa kumi na mbili jioni utakuwa wapi. Maana kwa ulivyoeleza hiyo nusu, jioni yote ni yako, na jioni ndiyo kazi yenyewe: kumrudisha, kumkagua miguu na kwato, kuokota mavi, kujaza maji, kumwekea majani ya usiku. Farasi tumbo lake la chakula ni dogo na linatoa asidi muda wote hata kama halina kitu, akikaa masaa mengi bila majani vidonda vinaanza au tumbo linasokota, na farasi hatapiki, kikishaingia kimeingia. Sasa wewe uko Seronera, Serengeti huko, unasubiri chui ashuke mtini, huku nani anamwekea? Usiseme saisi atanisaidia. Atasaidia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu atataka ya soda, na ana haki yake, ana farasi wengine wanamsubiri.

Halafu weka na mafuta. Njiro mpaka Usa River na kurudi kila jioni, Jumatano na Jumamosi ni soko Tengeru, ile barabara unaijua mwenyewe. Mimi naweka nusu na inanilipa, ila nakaa karibu na banda na binti yangu anapanda, nikikwama anaenda yeye. Bila huyo binti ningeshahamia kamili zamani.

Chalii_wa_Sakina
Aisee mbona mnakuza mambo. Kodi kaploti Kisongo, piga banda la mabanzi, weka kijana, majani na pumba basi. Mbona punda wanaishi. Hela ya kamili nunua ng'ombe wa maziwa.

SaisiMstaafu
Chalii yangu, punda ni punda. Majani ambayo punda anaponea, farasi atakonda nayo mbavu uzihesabu ukiwa barabarani. Na farasi peke yake kiwanjani hatulii, anatembea kwenye uzio kutwa nzima, anaita, mwingine anaanza kutafuna mbao. Ukimfuga nyumbani wawe wawili, au umpe hata huyo punda awe mwenzake, sasa gharama umepunguza wapi?

Mleta mada, mimi nimekula mshahara wa mabanda miaka mingi, mashamba ya kahawa kwanza, baadaye kwa watu wa polo, kwa hiyo nakupa upande ambao wenye farasi hawauoni. Kamili ya banda moja siyo kamili ya jirani yake. Kabla ya kulipa nenda bila taarifa, saa za mchana jua kali, angalia ndoo za maji. Farasi anakunywa lita 25 mpaka 50 kwa siku na siku ya joto anazidi, ndoo ikiwa kavu saa nane usiulize swali lingine, washa gari. Uliza saisi mmoja ana farasi wangapi. Uliza nani analala pale pale, siyo nani analala kijijini anakuja asubuhi, maana tumbo linasokota usiku. Uliza hei (majani makavu) wanaitoa wapi na Septemba Oktoba ikiadimika wanafanyaje, maana hapo ndipo wengine wanapunguza kimya kimya, robota la farasi wawili linaliwa na watatu na wewe bado unalipa ile ile. Fundi kwato mara nyingi hayumo hata kwenye kamili, na ni kila wiki sita mpaka nane, awe na viatu au hana. Dawa ya minyoo, chanjo, daktari, hivyo navyo uliza vimo au havimo.

Na hili kwa huku kwetu kwenye utalii ndiyo kubwa: uliza kama farasi wako atapandwa na wageni. Kuna mabanda yanapunguza bei kama farasi anafanya kazi siku kadhaa kwa wiki, siyo vibaya, wewe unaokoa hela na yeye anapata mazoezi. Lakini mkubaliane mgeni wa uzito gani, masaa mangapi, akiumia nani analipa. Wengine hawakuulizi, unarudi kutoka safari unakuta mgongo una vidonda vya tandiko unaambiwa ni nzi.

DaktariMifugo_Arusha
Naongezea upande wangu. Usa River iko jirani na hifadhi ya Arusha na kule kuna pundamilia. Ule ugonjwa mkubwa wa farasi wa Afrika unaenezwa na usubi, vile vidudu vidogo vinavyoruka na kuuma, pundamilia anabeba virusi bila kuonyesha dalili, farasi asiye na kinga uwezekano wa kupona ni mdogo sana. Usubi unauma zaidi kuanzia jua kuzama mpaka alfajiri na unazaliana mvua zikikolea. Chanjo ni ya kila mwaka na inatakiwa itangulie mvua. Kwa hiyo anayemrudisha farasi bandani jioni lazima afanye hivyo kabla jua halijazama, siyo akishamaliza shughuli zake mjini. Hii kwangu inaamua nusu ya swali lako.

La pili, umesema kwenye nusu chakula unanunua mwenyewe. Tafadhali usinunue chakula cha kuku wala cha ng'ombe ukadhani ni chakula tu. Baadhi huwekwa dawa iitwayo monensini, kuku na ng'ombe wanaivumilia, kwa farasi kiasi kidogo tu kinaua moyo. Hata mashine iliyochanganya chakula cha kuku kabla ya chako ni hatari. Na pumba au mahindi yenye ukungu usimpe hata kwa kuonja, kuna sumu ya ukungu wa mahindi inayoharibu ubongo wa farasi na ikifika hapo hatuna tiba. Ng'ombe wa jirani kula na kuwa mzima siyo kipimo.

Kupe pia. Kila jioni mtu apitishe mkono masikioni, kifuani, chini ya mkia. Homa, ufizi kuwa wa njano, mkojo mwekundu, nipigieni usiku huo huo msisubiri asubuhi. Joto lake la kawaida ni 37.5 mpaka 38.5, thamomita ya duka la dawa inatosha.

TembeaNjiro
Daktari na mzee wangu Saisi shikamooni, asanteni sana, na dada MamaKwato umenigusa hapo kwa Seronera. Sasa nimepata wazo, je naweza kuwaomba hai sizoni iwe kamili halafu lo sizoni nirudi nusu? Maana Aprili na Mei ndiyo nina muda, na kwa maelezo ya daktari ndiyo miezi ya usubi, basi jioni namrudisha mwenyewe.

MamaKwato
Hapo umeongea. Waombe, mabanda mengi Aprili hawana wageni wanataka mteja aliyeko asikimbie. Ila andikeni. Siyo wakili, karatasi moja tu na sahihi: kubadilisha unatoa taarifa muda gani kabla, na ukiwa porini hakuna netiweki nani ana ruhusa ya kumwita daktari na mpaka kiasi gani cha hela bila kukusubiri. Hili la ruhusa watu wanalisahau, farasi anagaragara chini saa saba usiku saisi anapiga simu haipatikani. Mwachie waifu hayo maamuzi kama atakubali, japo kwa hiyo habari ya intanashino sijui 😂

TembeaNjiro
Waifu kasoma hapa, anasema atakubali kama naye atafundishwa kupanda.

MamaKwato
Basi mtu wa jioni umeshampata! Mlete Jumapili, binti yangu atamwanzisha.

SaisiMstaafu
Marahaba kijana. Bado moja. Kwenye hiyo karatasi chakula kiandikwe kwa kilo, siyo debe wala "konzi moja", mkono wa kila saisi una konzi yake. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, pima na urefu kutoka ncha ya bega mpaka takoni, vyote kwa sentimita. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, gawa kwa 11,880, unapata kilo zake kwa kukadiria. Hei iwe kama kilo mbili kwa kila kilo 100 za uzito, isishuke chini ya moja na nusu.

TembeaNjiro
Nimetoka kumpima, kidogo anipige teke kwenye kile kipimo cha urefu. Mzunguko 180, urefu 165. Imekuja 450 kamili.

SaisiMstaafu
Basi kilo tisa za hei kwa siku. Ukienda kusaini beba na mzani wa ndoano, pima robota lao moja mbele yao, halafu gawa kwa hizo tisa ujue linatosha siku ngapi.

Chalii_wa_Sakina
Kilo tisa kila siku?? Haya mimi narudi kwa ng'ombe wangu.