Acheni kutulisha asilimia za solva kwa mpinzani asiyefoldi!

Wakuu, hili litawaudhi baadhi yenu, lakini nimechoka.

Mtu anauliza swali la kawaida kabisa la poka: chungu kina 100, karata ya mwisho imeshafunuliwa, flashi yangu (karata tano za alama moja) haikutimia, na jamaa niliyebaki naye hajawahi kufoldi, yaani kuachia karata, hata akiwa na jozi ya mbili. Nibeti? Punde si punde kashajibiwa kwa ile programu ya kukokotoa poka: "Solva inasema blafu asilimia 33," yaani beti na karata mbovu kumtisha, mara 33 katika 100. Na malaiki kibao juu yake. Jamani, si amesema hafoldi?

Tena hata hiyo 33 yenyewe mnaisoma kichwa chini. Ukiweka dau la 100 kwenye chungu cha 100, anayekoli (anayelilipa dau lako aone karata) analipa 100 kugombea 200, kwa hiyo akishinda mara moja katika tatu hapati hasara. Ndiyo maana katika kila madau matatu yako pale, mawili yawe na karata za kweli na moja liwe blafu. Hiyo ni theluthi ya madau yako, siyo theluthi ya kila karata mbovu unayoishika! Watu wanalikariri jibu bila kujua liliulizwa nini.

Na blafu hiyo inalipa kiasi gani? Mpinzani akikoli nusu ya mara, nusu unachota 100 na nusu unapoteza 100. Sifuri. Sawasawa na kupita tu (kutobeti) na kuachia. Kazi yake ni kumzuia asikutupie karata kila unapobeti ukiwa na mkono mzito. Asiyetupa karata kamwe unamzuia nini?

Kwa huyo, kila blafu ni 100 zimekwenda na maji. Sasa mgeuze: anayefoldi mara 7 katika 10 anakupa wastani wa 40 kwa kila blafu, kwa hiyo kila karata mbovu inastahili dau. Lakini mtaalamu wetu yuko bize na mshale wa sekunde wa saa yake, eti ukiwa chini ya 20 (theluthi ya sekunde 60) ndiyo zamu ya kublafu. Nimeliona hilo kwa macho yangu: mshale ulikuwa umeshavuka 20, akapita, na mwenzake alikuwa ameshazishika karata kwa vidole viwili, tayari kuzitupa.

Mtaniletea wanahisabati wa nadharia ya michezo, von Neumann na 1928 yake, na Nash wa 1950. Sina ugomvi nao. Walichothibitisha ni kwamba mseto sahihi (kuchanganya mbinu kwa uwiano), mkiwa wawili na faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, hauwezi kufungwa kwa wastani. Hawakusema ndio unaovuna zaidi. Cheza jiwe, karatasi, mkasi kwa theluthi theluthi dhidi ya mtu anayetoa jiwe kila mara, uone utaondoka na nini. Na wengi wenu mnakaa meza za watu sita, ambako hata hiyo kinga haipo. Pluribus, programu ya poka ya 2019, iliwapiga mabingwa kwenye meza ya sita, sawa, lakini iliwapiga bila uthibitisho wa namna hiyo.

Nyie wa "mimi namsoma mtu" nanyi msishangilie. Kuona mkono mmoja na kutangaza kuwa jamaa ni mwoga si kumsoma, ni kubahatisha, na ukiacha mseto ndipo unapojifungua mwenyewe kwa anayejua kukusoma.

Kwa hiyo mtu akiuliza hapa, muulizeni kwanza huyo jamaa anafoldi mara ngapi kwenye dau la mwisho. Kama hajui, haya, mpeni theluthi zenu. Kama keshasema hafoldi, mwambieni apite na flashi iliyokufa, na siku akiwa na jozi kubwa abeti bila aibu, maana ile jozi ya mbili itamlipa.