Acheni kuwadanganya wenye yoti kuhusu Zanzibar

Wakuu, mnaowaambia wenye yoti "njooni Zanzibar, mtatia nanga popote mkae miezi" mnawaharibia watu vyombo vyao. Picha za Paje na Jambiani zinavutia, sawa. Lakini upande ule umezungukwa na mwamba, maji yakipwa ndani hubaki mchanga na mwani, na kusi lote, upepo wa msimu utokao kusini-mashariki, linasukuma chombo pwani. Yoti yenye mkuku (uti wa chini unaozama majini) wa mita 2 inafuata nini huko?

Haya, njoo magharibi. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji hupanda na kushuka kama mita 4. Mgeni aliyezoea Mediterania, ambako bahari haikupwi hivyo, anatia nanga maji yamejaa, anapima mita 6, analala. Baada ya saa sita zimebaki 2: kapwelewa! Mwingine anatia maji yamekupwa, mita 5, anaongeza 1 ya kimo cha omo (mbele ya chombo) juu ya maji, anazidisha mara 5 kupata urefu wa mnyororo, anaachia mita 30. Maji yakijaa kimo chote ni mita 10, na mnyororo wake sasa ni mara 3 tu. Upepo ukikaza, nanga inakokota. Alihitaji mita 50.

Na mita 50 hizo chombo kikizunguka zinajifunga kwenye matumbawe. Mnyororo unakuwa mfupi, hauna pa kulegea, kila wimbi linavuta winchi (mashine ya kupandishia nanga) kwa kishindo. Tafuta mchanga mchana jua likiwa juu, sehemu ya mnyororo iliyo karibu na nanga ilale chini, inayofuata ifungwe maboya madogo ielee juu ya mawe, kisha kamba ya nailoni ya mita 8 hadi 10 ipokee mishtuko pale omo. Mbona haya hamyaandiki?

Usiku kuna majarife (nyavu kubwa za uvuvi) na ngalawa zisizo na taa. Kamba ikiingia kwenye propela, injini huna.

Halafu hiyo "miezi". Viza ya utalii ni siku 90. Kusi hushika takriban Aprili hadi Oktoba, na mkondo unakwenda kaskazini mwaka mzima. Siku zikiisha mwezi wa saba ukalazimika kutoka nchini, kwenda Kenya ni kuteleza tu; kurudi ni kupiga bisho, upepo na mkondo vyote usoni. Mwambieni mtu hivyo kabla hajang'oa nanga alikotoka.