Gita la Mwakio lina miguu

Kikundi: WAJUKUU WA BABU MWADIME
Jumamosi, saa mbili usiku

Mwakio (Dallas): Hamjambo wote. Shikamoo Mjomba. Shikamoo Shangazi. Ule mzigo umefika. [Picha]

Shangazi Mkawasi: Marahaba baba. Umenunua cherehani?

Wakesho: 😂😂😂

Shangazi Mkawasi: Mnacheka nini? Naona meza, naona pedali chini. Mama yangu alikuwa na Singer ya namna hiyo hiyo.

Mwakio (Dallas): Ni gita Shangazi. Linaitwa pedali stili. Halipakatwi, linasimama kwa miguu yake na wewe unaketi nyuma yake. Nyuzi 10. Mguu wa kushoto una pedali 3, magoti yanasukuma nyenzo 4 zilizofichwa chini, mguu wa kulia unakanyaga pedali ya sauti kama eksileta. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia umevaa kucha, ya plastiki kwenye gumba na mbili za chuma.

Shangazi Mkawasi: Na mdomo unafanya nini?

Mwakio (Dallas): Unawaomba majirani msamaha.

Mjomba Righa: Marahaba Mwakio. Hilo ndilo linalolia kwenye nyimbo za Don Williams.

Mwakio (Dallas): Lenyewe Mjomba! Mzee mmoja wa kanisani ameniuzia, limetumika ila ni zima. Sasa shida yangu hii: nianze kumsikiliza nani? Kila ninayemuuliza huku ananitajia wapigaji hamsini.

Mghoi: Jim Reeves bila shaka. Hakuna matanga hajahudhuria.

Mjomba Righa: Mghoi, Jim Reeves ni mwimbaji. Na tena zile rekodi zake za miaka ya mwisho zimejaa vayolini na kwaya. Watengenezaji wa rekodi wa Nashville, mji wa kantri kule Marekani, wakati ule walikuwa wanaisukuma stili pembeni ili muziki ununuliwe mjini. Anayetafuta stili kwa Jim Reeves atalala njaa.

Mghoi: Nimekoma.

Mjomba Righa: Mwakio subiri nivae miwani. Hili si la kuandika kwa kidole kimoja.

Wakesho: Jamani wekeni simu kwenye chaji, Mjomba anaandika.

(dakika 22 baadaye)

Mjomba Righa: Mwakio. Unajua nilipiga besi hoteli za Mombasa miaka 11, na kila Jumatano ilikuwa usiku wa kantri. Stili hatukuwa nayo, mpiga kinanda ndiye aliyeiiga, na mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza kaseti nikimwelekeza. Kwa hivyo nasema ninachokijua kwa masikio.
Wote watakutajia Buddy Emmons. Hawakudanganyi. Alizaliwa 1937 kule Mishawaka, Indiana, akafariki 2015, na hilo gita lako lina alama za vidole vyake. Ule uzi wa 1 na wa 2, ambao utaona haufuati ngazi ya wenzake, ndiye aliyeuongeza. Kabla yake kulikuwa na Bud Isaacs, aliyepiga kwenye wimbo wa Webb Pierce uliotoka 1954, unaitwa "Slowly". Pedali moja, anaikanyaga, noti mbili zinapanda pamoja huku nyingine imetulia. Wapigaji walioisikia redioni walikwenda kuchokonoa magita yao watie pedali. Emmons akaja akaigawa ile kazi, noti moja pedali hii, nyingine pedali ile. Ndizo A na B ulizo nazo.
Lakini usianze naye! Mwaka 1963 alitoa albamu nzima ya jazi kwa stili. Isikilize mara moja, uogope, ifunge kabatini. Ukimfuata huyo sasa hivi, kabla ya Krismasi utakuwa umeliuza gita.
Anza na Lloyd Green. Ndiye aliyepiga kwenye rekodi nyingi za Don Williams, kwa hivyo umeshamsikia tangu uko tumboni, mama yako ni shahidi. Na usihesabu noti zake. Sikiliza anavyonyamaza. Don anaimba mstari wake, stili haipo. Don anavuta pumzi, stili inaingia na noti nne, inaondoka. Ni kama mtu anayejua kuitikia hadithi. Msimuliaji hakatizwi, na haachwi peke yake.
Nimemaliza. Vidole vimekufa.

Mama Mwakio: Ni kweli. Kaseti ilikwama ndani ya gari la babake, tuliisikia mwaka mzima.

Mwakio (Dallas): Asante sana Mjomba. Hata umeniondolea wasiwasi mwingine. Wengi huku wana gita la shingo mbili, moja la kantri na la pili la jazi. Mimi nina shingo moja nikadhani nimepunjwa. Kumbe kampuni ya Sho-Bud ilitoa gita maalumu la huyo huyo Lloyd Green, na mahali pa shingo ya pili pana mto tu wa kuegemeza mikono.

Mjomba Righa: Umeona? Mto.

Mwakio (Dallas): Na leo nimegundua kitu. Chuma kikiwa freti ya 3, yaani mstari wa tatu shingoni, bila pedali, inalia G. Nikikanyaga A na B pamoja, mkono haujasogea hata kidogo, inakuwa C. Nikiwa bado nimekanyaga nikitelezesha hadi freti ya 5, D. Kodi tatu zile, nusu ya nyimbo za kantri zimeisha!

Shangazi Mkawasi: Kodi gani tena? Ya nyumba yangu hapa Voi imepandishwa juzi na hakuna aliyenitumia ujumbe.

Mwakio (Dallas): 😂 Kodi za muziki Shangazi. Hiyo ya Voi tuongee pembeni.

Shangazi Mkawasi: Tutaongea leo leo.

Mjomba Righa: Wimbo wako wa kwanza kuunakili noti kwa noti uwe "Together Again" wa Buck Owens, 1964. Anayepiga stili ni Tom Brumley. Solo fupi, polepole, huna pa kujificha.

Mwakio (Dallas): Na Pete Drake je? Mzee aliyeniuzia anamsifu sana.

Mjomba Righa: Pete Drake ni mwalimu mzuri. Yule anayelia nyuma ya Tammy Wynette kwenye "Stand by Your Man", 1968, ndiye. Alipiga na Bob Dylan pia, na 1970 George Harrison wa Beatles akamwita London. Halafu Mkawasi, umeuliza mdomo unafanya nini. Huyo bwana 1964 alitia mrija mdomoni, sauti ya gita ikapanda kwenye mrija, akawa anaumba maneno kwa midomo bila kutoa sauti yake. Gita likaongea.

Shangazi Mkawasi: Nilijua swali langu lilikuwa la maana.

Wakesho: Samahani wazee. Hawa wote ni wazungu wa Nashville?

Mjomba Righa: Chombo ni cha kwao.

Wakesho: Si cha kwao Mjomba. Kutelezesha chuma juu ya nyuzi kulianza Hawaii, na anayetajwa sana ni kijana wa huko, Joseph Kekuku, mwisho wa karne ya 19. Pedali ndizo za bara la Marekani. Halafu Wamarekani weusi wana makanisa yao, House of God, stili inaongoza ibada pale tangu miaka ya 1930, mahali ambapo wengine wangeweka kinanda. Robert Randolph ametoka huko, gita lake lina nyuzi 13.

Shangazi Mkawasi: Kanisani? Basi hilo gita nimelipokea.

Wakesho: Na wa karibu zaidi: Demola Adepoju, Mnigeria. Alipiga pedali stili kwenye bendi ya King Sunny Adé. Mwakio tafuta albamu ya "Juju Music", 1982. Paul Simon naye akamtumia kwenye wimbo wa "Graceland", 1986.

Mjomba Righa: Stili na ngoma za Kiyoruba?

Wakesho: Sikiliza kwanza Mjomba.

Mjomba Righa: Huyo mimi simjui. Usiku mwema.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi

Mjomba Righa: Wakesho. Bando la wiki nzima limeisha usiku. Yule Mnigeria anangoja. Ngoma inasema, gita linasema, mwimbaji anasema, yeye bado. Halafu anapita juu yao wote kama ndege, anapotea. Ni Lloyd Green aliyevaa joho la agbada.

Wakesho: Naiweka kwenye kumbukumbu: Mjomba amekubali kitu, Jumapili.

Jumapili, saa nne usiku

Mwakio (Dallas): Msinicheke. Siku ya pili tu. [Sauti, 0:41]

Mghoi: ...

Mama Mwakio: Mungu akuongoze mwanangu.

Shangazi Mkawasi: Nimemsikilizisha Bibi. Anauliza ng'ombe wa nani huyo, na kama amefungwa vizuri.

Mwakio (Dallas): 😭😭 Mwambieni Bibi anakaribia kuzaa.

Mjomba Righa: Kosa ni moja. Chuma unakiweka nyuma ya mstari wa freti kama unavyoweka kidole kwenye gita la kawaida. Kiweke juu ya mstari wenyewe, sambamba, uangalie kwa jicho lililo juu yake, si kwa upande. Na umekanyaga B kabla ya A. Zikanyage pamoja.

Mwakio (Dallas): Sawa Mjomba. Na kunyamaza?

Mjomba Righa: Huwezi kunyamaza peke yako, lazima awepo anayeimba. Chukua. Ni kwa G. Mimi nikivuta pumzi, wewe ingia. [Sauti, 3:12]

Shangazi Mkawasi: Righa, watu wamelala.